Miraba Minne ya Mwalimu Gladys

Kwa miaka ishirini na mmoja Kafedha alishona mfuko mmoja tu: mfuko wa nyuma wa suruali ya jinzi, upande wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wa Zuleikha, mwanamke wa Likoni aliyekaa naye cherehani kwa cherehani. Zipu ilikuwa ya mwingine, ukanda wa kiuno wa mwingine tena, na suruali ilipofika mwisho wa ukumbi ikakunjwa na kutiwa katoni, hapakuwa na mtu wa kunyoosha kidole akasema hii nimeishona mimi. Kiwanda kilikuwa cha nguo za kupelekwa ng'ambo, kimoja kati ya vile vilivyojificha nyuma ya kuta ndefu upande wa Miritini. Watu wa kwao Ganze walipomwuliza afanya kazi gani mjini, aliwajibu kuwa ni fundi wa nguo. Hakuwa amewadanganya, ila nguo nzima hakuwahi kuishona hata siku moja.

Oda zilipopungua waliambiwa waende nyumbani wangoje simu. Kafedha alingoja mwezi, akangoja wa pili, na mgongo wake, uliokwisha kuzoea kuinama, ukaanza kuuma kwa kukaa wima. Mumewe, Nguma, alikuwa bawabu wa yadi ya malori. Alirudi asubuhi macho mekundu, akala alichokikuta, akalala hadi saa nane mchana. Watoto walikuwa wameshakua na kwenda zao, na chumba chao cha Chaani kilikuwa hicho kimoja, kitanda upande huu, cherehani ya miguu upande ule, na mitungi ya maji katikati. Basi Kafedha akaingia kazi ya kufua. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipanda kwa miguu hadi Port Reitz, kwenye nyumba za wafanyakazi wa bandari na wa uwanja wa ndege, akafua mashuka ya watu na sare za watu, akarudi vidole vimekunjamana na kiuno hakimtii. Hakulalamika. Alilelewa na mama aliyeamini kwamba mwanamke akishatamka kuwa amechoka, uchovu huhamia kwake na mizigo yake yote.

Nyumba moja kati ya zile alizofulia ilikuwa ya Mwalimu Gladys, mjane wa Kirabai aliyefundisha ushonaji katika chuo cha ufundi hadi alipostaafu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Kila alipoketi aliuweka mkono wake wa kulia mapajani na kuufunika kwa wa kushoto, na Kafedha alidhani ni adabu tu za watu wa kanisani wa zamani.

Jumatano moja Mwalimu alimtuma chumbani akatoe mashuka sandukuni. Chini ya mashuka Kafedha alikuta miraba ya kitambaa imefungwa kwa utepe, kila mmoja upana wake kama sahani ya pilau. Aliuvuta wa juu. Ulikuwa na picha ya mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayevizia samaki kwenye mikoko, na picha yenyewe haikuchorwa wala haikudariziwa. Ilikuwa imeungwa kwa vipande, kipande kwa kipande, vingine vyembamba kama punje ya mchele, na pale mdomo ulipoishia ncha yake ilikuwa kali kama ya sindano. Kafedha aliugeuza nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya mishono, kama alivyokuwa akifanya msimamizi wa kiwandani alipotafuta makosa. Hakuona kosa.

Alipoinua macho, Mwalimu Gladys alikuwa amesimama mlangoni.

"Umetazama nyuma," alisema Mwalimu.

"Nisamehe, Mwalimu. Sikukusudia kuchokora vitu vyako."

"Wageni wote niliowaonyesha hutazama mbele wakasema ni nzuri. Wewe umetazama nyuma. Ulishona wapi?"

Kafedha alimweleza habari za kiwanda na mfuko wa kulia. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia aache mashuka, akae kitandani, naye atamwonyesha kitu.

Kazi ile Mwalimu Gladys aliiita kazi ya karatasi. Alijifunza ujanani kutoka kwa mwalimu mmoja mgeni aliyewahi kupita chuoni, ambaye yeye alishona nyota na nyumba za kwao zenye mabomba ya moshi. Gladys alizichoka nyota, akaanza kuchora ndege anaowajua. Picha huchorwa kwenye karatasi, ikakatwa kwa mistari, na kila sehemu ikapewa namba. Vipande viwili vya kitambaa huwekwa upande usiochorwa, karatasi ikawa juu, na sindano hupita juu ya mstari na kuvishona pamoja nayo. Kisha cha pili hufunuliwa, kikapigwa pasi, kikapunguzwa kwa makasi, na cha namba inayofuata kikaletwa. Ndege mmoja aweza kula vipande arobaini. Ukishamaliza, unaichana karatasi yote na kuitoa, kinabaki kitambaa peke yake.

Miraba ilitakiwa iwe thelathini, iunganishwe iwe mfarishi, tandiko nene la kitanda kikubwa. Mwalimu aliuanza bintiye Eddah alipochumbiwa. Sasa Eddah alikuwa Voi na mumewe, ana watoto wawili, na mkubwa alikuwa darasa la tatu. Iliyokwisha ilikuwa ishirini na miwili. Mwalimu aliitandaza kitandani kwa mkono wa kushoto, mmoja mmoja: yangeyange juu ya mgongo wa ng'ombe, chozi kwenye ua, kozi, membe, kunguru wa Mombasa na kola yake ya kijivu. Minne ya mwisho aliiweka kando. Hata mtu asiyejua sindano angeona. Mistari ilikuwa imepinda, ncha hazikukutana, na korongo mmoja shingo yake ilikuwa imevunjika mahali pawili.

Ndipo alipoufunua mkono wa kulia. Ulikuwa ukitetemeka wenyewe, polepole, kama jani lililopigwa na upepo ambao hakuna mwingine anayeusikia. Hospitali walimwambia ugonjwa huo hauondoki. Alipewa vidonge vya kuutuliza, na saa nyingine ulitulia, saa nyingine haukutulia.

"Picha nane hazijaanzwa," alisema, "na hizi nne nataka zifumuliwe, zishonwe upya. Hizo ni kumi na mbili. Michoro yote ninayo. Utaweza?"

Kafedha alitaka kusema kwamba ana nyumba nne za kufulia na mgongo mbovu. Alisema, "Nitajaribu, Mwalimu." Walipatana ujira wakati wa chai, bila maneno mengi, na akateremka kwenda Chaani na bahasha ya michoro kifuani, asijue hasa ni nini kilichomfanya akubali.

Mraba wake wa kwanza ulikuwa wa tetere, njiwa mdogo, na aliuharibu. Alisahau kwamba mtu hushona kwa nyuma, kila kitu kiko kinyume kama katika kioo, na alipoichana karatasi, nusu ya ndege ilikuwa imeonyesha upande usiofaa wa kitambaa. Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kulitambua. Miguu yake ilikuwa na mwendo wa kiwandani. Ilikwisha kufundishwa kwamba mfuko ukichelewa mtu wa mbele yako hukaa bure na msimamizi huja. Alipoketi kwenye cherehani yake miguu ilikimbia yenyewe, na mshono ukapita mwisho wa mstari kabla jicho halijafika. Mwalimu aliutazama ule mraba, akamrudishia. Alimwambia ashone mstari mmoja, kisha ainuke, anywe maji, arudi ashone wa pili.

"Nani anakufukuza?" alimwuliza.

Kafedha alikwenda nyumbani akafanya hivyo hivyo, mstari na maji, mstari na maji, akijiona mjinga, mpaka siku moja alishangaa kwamba ameshona vipande kumi na miguu haikukimbia.

Wakati wa kushona wenyewe ulikuwa mwembamba. Asubuhi Nguma alilala, na cherehani haina mnong'ono. Siku asizokwenda kufua, Kafedha aliketi kibarazani na makasi, akakata vitambaa, akavipanga kwa namba na kuvibana kwa pini, huku malori ya makontena yakipita barabarani na kuitikisa meza ndogo ya mbao. Saa nane Nguma alipoamka na kwenda kuoga, ndipo alipoikalia cherehani, na alikuwa na saa nne hivi kabla giza halijaingia na sufuria kudai zamu yake. Umeme ukikatika alitumia pasi ya makaa. Chumba kikawa jiko, jasho likamtiririka hadi kwenye nyusi, na alijifunza kufuta uso kwa bega ili mikono isilowe. Nguma alikuwa mpole, hakuuliza mengi. Mara moja tu aliokota mdomo wa ndege uliodondoka, kitambaa kisichozidi ukucha, akauweka kiganjani na kusema kwamba hajapata kuona kazi ndogo namna hii ikimchosha mtu kiasi hiki.

Mvua za masika zilikuja, paa likavuja, cherehani ikahamishwa mara mbili. Kafedha alimaliza ndege shore, akamaliza kanga, akamaliza bundi ambaye jicho lake pekee lilimchukua wiki nzima. Ijumaa baada ya kufua alimpelekea Mwalimu alichomaliza, na Mwalimu alipapasa kila mshono kwa kidole cha mkono wa kushoto, macho yametazama dirishani. Kilichokuwa kizuri hakukisifu, alikiweka kando tu. Kibovu alikirudisha. Kufikia mwisho wa mvua, nane zile zilikuwa zimekwisha, zote zimewekwa kando.

Zilibaki nne za kufumua.

Aliziweka mezani Jumamosi moja, akazitazama. Alimhurumia Mwalimu, na huo ulikuwa ukweli. Aliona ni ukatili kufuta alama za mwisho za mkono wa fundi mkubwa kama yule, na akajiambia kwamba siku moja binti mtu atafurahi kuwa nazo. Lakini ulikuwapo ukweli mwingine chini ya huo, na Kafedha aliujua vilevile: alikuwa amechoka. Mabega yalimwaka. Wiki ile alikuwa amefulia nyumba yenye mgonjwa, mashuka kila siku, na wazo la ndege wanne wengine, vipande mia na hamsini vingine, lilimwelemea. Huruma na uchovu vilishikana mikono vikamwonyesha njia moja. Akaiunga miraba yote thelathini kama ilivyo, na ile minne akaiweka pembezoni, safu ya miguuni, mahali ambapo mfarishi huchomekwa chini ya godoro.

Jumatano akaipeleka. Mwalimu Gladys aliomba itandazwe juu ya meza ya kulia chakula. Alianza kupapasa kutoka upande wa kichwani, safu kwa safu, bila haraka. Kafedha alisimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kidole kilipofika safu ya mwisho kikasimama kwenye shingo ya korongo.

Ndege ya abiria ilipita chini juu ya paa, ikaenda kutua.

"Hizi ni zangu," alisema Mwalimu.

"Ni zako, Mwalimu. Niliona... niliona zina thamani yake. Eddah atazipenda kwa kuwa ni za mkono wako."

"Kafedha."

"Abee."

"Mimi sikukuomba huruma. Nilikuomba kazi."

Kafedha alitaka kujitetea, akaanza kusema habari za mgongo, za Nguma na usingizi wake, maneno yakamtoka yamechanganyika. Mwalimu alimwacha aseme. Kisha akamwambia kwa sauti ile ile isiyopanda kwamba akichoka aseme amechoka, kazi itamngoja. Ila asiufanye uchovu wake kuwa zawadi ya mtu mwingine. Akaukunja mfarishi kwa shida, mkono mmoja ukisaidia na mwingine ukipinga, akamrudishia.

Kafedha alirudi nyumbani na hasira. Aliutupa mfuko wenye mfarishi juu ya kabati na kwa wiki tatu hakupanda kwa Mwalimu. Alimtumia ujumbe wa simu kwamba ana homa. Mwalimu alimjibu kwa neno moja, pole, na Kafedha hakujua kama ameaminiwa.

Katika wiki hizo Zuleikha alimpigia simu. Kiwanda kilikuwa kimepata oda, wanaandika watu. Alfajiri walikutana getini katika umati wa wanawake, wengi wasichana waliokuwa wakisoma chekechea Kafedha alipoanza kazi pale. Walitiwa ndani kumi kumi wakajaribiwe. Aliwekewa mbele yake kipande cha jinzi na mfuko, miguu ikakimbia, mfuko ukakwisha. Msimamizi kijana hakuugeuza wala kuugusa. Alitazama saa ya mkononi, akaandika, akamwambia aripoti Jumatatu.

Zuleikha alishukuru Mungu kwa sauti njia nzima. Kafedha pia alishukuru, kwa kuwa kufua kungekwisha, na mwisho wa mwezi ungekuwa na mshahara unaojulikana. Lakini alipofika nyumbani alikaa kitandani kando ya mumewe aliyelala, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine bado, na akawa anamfikiria yule kijana na saa yake. Tangu aanze kushona, mtu mmoja tu alikuwa amemrudishia kazi kwa sababu alijua angeweza kuifanya vizuri zaidi, na Kafedha alikuwa amemkasirikia mtu huyo.

Aliinuka akaushusha mfuko kutoka juu ya kabati.

Kufumua kulikuwa kibarua. Ilibidi kwanza safu ya miguuni itengwe na nyingine zote, kisha miraba minne itolewe. Wa kwanza, ule wa korongo, aliuweka karibu na mlango penye mwanga na kuanza kukata nyuzi kwa wembe, moja moja. Kipande cha shingo kilipoachana na mwenzake aliona kitambaa kimejaa vitundu. Kila mstari uliopinda ulikuwa na mistari mingine miwili mitatu kando yake, ya vitundu vitupu, mahali sindano ilipopita ikafumuliwa, ikapita tena ikafumuliwa tena. Pale shingo ilipovunjika alihesabu mara saba. Mwanamke yule alikuwa ameshindana na mkono wake peke yake chumbani, mara saba kwa mshono mmoja, naye akijua kila mara kwamba ameshindwa. Kafedha aliweka wembe chini. Kisha akauokota, akaendelea.

Jumatatu alirudi kiwandani. Kuanzia hapo siku yake ya kushona ilikuwa Jumapili peke yake, baada ya ibada. Mwili wa miaka arobaini na tisa haurudi kwenye benchi kama ulivyotoka. Jioni alishuka kwenye gari akavuka barabara kama mtu aliyebeba gunia lisiloonekana, na siku nyingine Nguma alipokuwa akitoka kwenda lindoni alimkuta amekaa kibarazani bila nguvu ya kufungua mlango. Alimpikia ugali, akamwachia kwenye sahani iliyofunikwa. Jumapili Nguma alijifunza kuamka mapema na kwenda kulala kwa rafiki yake wa yadini, ili cherehani ipate nafasi. Hakusema ni kwa ajili hiyo. Alisema huko kuna upepo.

Jumapili ya kwanza baada ya kuanza kazi, Kafedha alipanda Port Reitz mikono mitupu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Homa imekwisha?"

"Haikuwa homa."

"Najua," alisema Mwalimu Gladys, akamsogezea kiti.

Alimweleza kwamba amerudi kiwandani na kwamba miraba minne itachukua muda mrefu. Mwalimu alisema kwamba Eddah amekwisha kungoja miaka tisa. Habari ya vitundu Kafedha hakuitaja.

Ilichukua hadi karibu na Krismasi. Alishona korongo upya, heroe, mwewe, na wa mwisho kasuku mwenye vipande hamsini na tatu, na kwa kila mstari aliinuka akanywa maji, kwa kuwa miguu yake, ikitoka kiwandani, ilikuwa imesahau tena. Safu ilirudishwa mahali pake. Katikati wakatia blanketi kuukuu la Mwalimu lililochakaa likawa laini, nyuma wakaweka bitana ya kitambaa cheupe, na Jumapili mbili za mwisho Kafedha aliketi sebuleni kwa Mwalimu akipitisha mishono ya mkono kushikilia matabaka matatu. Mwalimu alishikilia ukingo kwa mkono wa kushoto usiteleze. Walizungumza kidogo. Mara nyingine Mwalimu alisinzia akiwa ameushika ule ukingo, na Kafedha alishona kwa kuuzunguka mkono wake.

Eddah alifika kwa gari moshi siku mbili kabla ya sikukuu, peke yake, watoto amewaacha na baba yao. Alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, mwenye simu iliyoita kila dakika. Alipotandaziwa mfarishi kitandani aliizima ile simu. Alizunguka kitanda akiwataja ndege kwa majina, mengine akiyakosea na mama yake akimsahihisha kutoka kitini. Aliuliza ni ipi iliyoshonwa na mama na ipi na Mama Kafedha, na mama yake akamwambia atafute mwenyewe. Hakuweza. Kafedha, aliyekuwa amesimama kwenye pembe, aliinamisha uso ili wasione jinsi jambo lile lilivyomgusa.

Baadaye, katika kupekua michoro, Eddah aliikuta bahasha yenye vile vipande vilivyofumuliwa. Kafedha alikuwa amevirudisha, hakujua avifanyeje. Eddah alivitoa, akakitambua kichwa cha korongo, akauliza. Alipoelezwa alivishika kifuani, na machozi yakamlengalenga.

"Mama, hizi si ndizo ungeniachia? Hizi ningekuwa nikizitazama nikakukumbuka jinsi ulivyohangaika."

Mwalimu Gladys aliuondoa mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia. Mkono uliofunuliwa ukatetemeka waziwazi mbele ya binti yake, na Kafedha akafahamu kwamba Eddah alikuwa hajauona, au hajauona ukiwa umefikia pale.

"Ukitaka kunikumbuka nikitetemeka," alisema Mwalimu, "njoo unitazame. Nipo."

Eddah alivirudisha vile vipande katika bahasha, akaenda jikoni kupika chai, na kwa muda mrefu walisikia maji ya bomba yakitiririka bila kuwa na chombo kinachooshwa.

Mwalimu alimgeukia Kafedha. Alisema kwamba katika makabati kuna vitambaa vingi bado, na mke wa kasisi ameuona mfarishi, angependa mmoja mdogo, wa kitanda cha mtoto, ndege sita tu. Alimwambia kama mtu anayempa fundi mwenzake kazi, hakumbembeleza.

Kafedha alifungua kinywa aseme atajaribu. Alikuwa amelisema neno hilo maisha yake yote, kwa mama yake, kwa msimamizi, kwa wenye mashuka, na lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi. Halikutoka.

"Nimechoka, Mwalimu," alisema.

Aliingoja ile mizigo aliyoonywa utotoni. "Kazi itakungoja," alisema Mwalimu Gladys, kisha akapaza sauti kuelekea jikoni, akimwambia Eddah alete mto na aipunguze redio aliyoifungua huko. Kafedha alitaka kukataa, akasema ana safari ya kurudi, kesho zamu inaanza saa moja. Lakini kiti kilikuwa cha mikono mipana, na upepo wa mchana ulikuwa ukiingia kwa dirisha la upande wa mikoko, na kabla chai haijaiva alikuwa amelala kinywa wazi, viganja vimetazama juu.

Eddah alikuja na sinia, akataka kumwamsha chai isipoe. Mama yake alimkatalia. Wakakaa wawili, mama na binti, wakazungumza kwa sauti ya chini mambo ambayo Kafedha hakuyasikia, na ndege tatu za abiria zikatua, na yeye akalala zote tatu.

Alipoamka jua lilikuwa limeshashuka kwenye ukuta wa jirani. Eddah alimsindikiza mpaka barabara kuu, akambebea mfuko uliokuwa hauna kitu cha kubebwa. Njiani alimwambia kwamba amekwisha kupanga kuja kila mwezi, na safari ijayo atakuja na watoto wamwone bibi yao. Kafedha alimwitikia inshallah, ingawa yeye ni mtu wa kanisani, kwa kuwa Zuleikha alimwambukiza neno hilo kitambo. Kisha akateremka Chaani pembeni mwa msururu wa malori, akitembea polepole.